Gitaa adimu la nailoni: uzuri wa kutazama au uzuri wa kusikiliza?

Ukitafuta gitaa kavu la nyuzi za nailoni huku magharibi, huna duka la kuingia ukapangiwa kumi uchague. Yanayouzwa madukani Tabora na Kigoma mengi ni ya nyuzi za chuma, na ya nailoni yakiwepo ni yale ya mwanafunzi. Gitaa la nailoni la maana hupatikana kwa kuambiwa: kuna mtu anahama, kuna mstaafu anapunguza vitu, kuna familia imebaki na chombo ambacho hakuna wa kukipiga. Linapopatikana ni hilo hilo moja, na muuzaji anajua. Hapo ndipo mnunuzi anaposhikwa. Anaogopa likimponyoka hatapata jingine, analitazama linavyong'aa, anatoa pesa, na masikio anayakumbuka akishafika nyumbani.

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Tabora alipata bahati ambayo wengi hawaipati: magitaa mawili yanauzwa kwa wakati mmoja, moja hapa mjini, jingine Ujiji. Aliniomba tuyaone pamoja. Nayaweka hapa sambamba kwa sababu yanatofautiana pale pale ambapo watu wengi hukwama. Moja limejaliwa sura, jingine limejaliwa sauti.

La Tabora lilikuja na mtu aliyekuwa akifanya kazi Ulaya. Limekatwa bega upande mmoja ili vidole vifike kwa urahisi freti za juu, vile vyuma vinavyokatisha shingo. Mgongo na mbavu zake ni za mbao nyekundu iliyokolea yenye mistari myeusi, na tundu limezungushiwa vipande vya kombe la chaza vinavyobadilika rangi ukiligeuza kwenye mwanga. Vanishi yake ni nene, unajiona uso. Ndani kuna lebo ya karakana ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia, na sahihi ya wino. Mwenyewe anasema hajaona jingine kama hilo Tanzania nzima, na mimi pia sijaliona. Anataka laki tisa.

La Ujiji ni Yamaha ya toleo la GC, yale yaliyokuwa yakitengenezwa kwa mkono kwa ajili ya wapiga gitaa wa jukwaani. Uso umegeuka njano iliyokolea, na kando ya tundu vanishi imelika kwa kucha. Chini ya daraja, kile kipande cha mti usoni kinachofungiwa nyuzi, kuna ufa ulioshikwa kwa gundi zamani, na kitufe kimoja cha kukazia nyuzi kimebadilishwa na cha mti kilichochongwa kwa kisu. Lebo bado inasomeka: Nippon Gakki. Hilo ndilo lilikuwa jina la kampuni hiyo kabla haijabadilishwa kuwa Yamaha mwaka 1987, kwa hiyo ukikuta lebo ya namna hiyo ujue gitaa lina umri wake. Mzee aliyekuwa nalo hakujua lilipita mikono ya nani kabla ya kumfikia. Gitaa la Kijapani kukutwa mkoani Kigoma si jambo la ajabu, maana watafiti kutoka Japani wamekuwa Mahale wakifuatilia maisha ya sokwe tangu miaka ya 1960, na vitu vya wageni hubaki. Bei yake laki saba.

Msimamo wangu nautoa mapema: sauti kwanza. Lakini sisemi macho yapumzike. Macho yana kazi kubwa siku ya kununua, ila kazi yake ni kukagua afya ya gitaa. Kulistaajabia kusubiri.

Sauti inatoka wapi

Sehemu inayoimba kwenye gitaa la nailoni ni uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu na daraja. Ni ubao mwembamba, unene wake ni kati ya milimita mbili na tatu, umeshikiliwa kwa ndani na vijiti vilivyobandikwa. Mtu aliyeutengeneza kwa namna tunayoifahamu leo ni Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliyezaliwa mwaka 1817. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu iliyogandamizwa, na uso pekee ndio mbao nzuri. Alitaka watu waone kwamba sauti inategemea uso. Gitaa hilo bado lipo kwenye jumba la makumbusho ya muziki Barcelona.

Nalitaja kwa sababu wauzaji wa magitaa ya sura nzuri huuza mgongo na mbavu. Ndivyo ilivyokuwa hapa mjini. Kila tulipouliza habari za uso, mwenye gitaa aligeuza mgongo wake utazamwe: "Angalieni mbao hiyo, kaka. Hiyo ni rozwudi ya Brazili, haipatikani tena."

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha majaribio waliyofanya na magitaa sita yaliyotengenezwa sawasawa, tofauti ikiwa ni mbao za mgongo na mbavu tu. Kulikuwa na rozwudi ya Brazili, ya India, na mbao nyingine za bei nafuu. Wapiga gitaa 52 waliyapiga kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani mizito ili wasijue wanashika lipi. Alama walizotoa zilikaribiana mno, ya Brazili haikupanda juu ya wenzake. Magitaa yale yalikuwa ya nyuzi za chuma, lakini ukiyaweka pamoja na kazi ya Torres, unaona pesa za mgongo mzuri zinakwenda wapi. Zinakwenda machoni.

Sisemi rozwudi ni mbao mbaya. Ni ndugu wa mpingo wetu, wote ni jamii ya Dalbergia, na mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na obo duniani kote. Ninachosema ni kwamba laki moja ya uso mzuri ina faida kuliko laki tatu za mgongo mzuri. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye gitaa, hicho kipande cha mti ndicho unachokinunua.

Macho yakague nini

Anza na ukingo wa tundu. Chukua tochi ya simu, inamisha gitaa, utazame unene wa ubao pale ulipokatwa. Kama ni mbao nzima, mistari ya juu inashuka moja kwa moja kwenye ukingo hadi upande wa ndani. Kama ni plaiwudi, utaona tabaka, mara nyingi la katikati likiwa na rangi tofauti au mistari iliyolala upande mwingine. Mafundi wengine hufunika ukingo huo kwa rangi au utepe wa mti. Ukikuta umefunikwa, ingiza kioo kidogo utazame uso kwa ndani, ulinganishe na nje.

Gitaa la Tabora lilikuwa na utepe mweusi mzuri kabisa ukingoni. Kioo kikatuonyesha mbao nyeupe isiyo na mistari, wakati nje kuna sprusi, mbao ya jamii ya msonobari, ya mistari iliyonyooka. Ni plaiwudi iliyovikwa ngozi ya sprusi. La Ujiji halikuwa na cha kuficha, mistari ilishuka ukingoni ikaendelea ndani. Na hapa niongeze kwamba jina la Yamaha peke yake halikuhakikishii jambo hili. Mengi yake ya zamani, yale yanayopatikana kwa urahisi, yana uso wa plaiwudi. Tazama ukingo, lebo isikutoshe.

Kisha daraja. Hili ndilo linaloua magitaa ya nailoni huku kwetu kuliko jambo jingine lolote. Magitaa haya yalibuniwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ukawa unachukuliwa kwa nyuzi za kushonea majeruhi, ndipo Albert Augustine wa New York, akishirikiana na mpiga gitaa Andrés Segovia, akatengeneza nyuzi za nailoni. Zote mbili ni nyuzi za mvuto mdogo. Sita kwa pamoja, zikikazwa sawasawa, huvuta kilo 40 hivi. Za chuma huvuta karibu mara mbili ya hapo. Sasa mtu uzi wa nailoni umemkatikia, dukani kuna za chuma tu, anafunga. Siku za kwanza anafurahia sauti kubwa. Baada ya muda uso unavimba nyuma ya daraja na kubonyea mbele yake, kisha daraja linaanza kubanduka.

Weka rula juu ya uso nyuma ya daraja. Uvimbe mdogo ni wa kawaida kwa gitaa lenye umri, ule wa kuyumbisha rula kama bembea ni dalili mbaya. Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya daraja. Ikiingia, gundi imeachia. Kwenye vitundu vya daraja tafuta mikwaruzo ya uzi wa chuma. La Ujiji halikuwa nayo, na karatasi haikuingia popote. Ufa wake tuliutazama kwa ndani tukakuta umeegemezwa vipande vidogo vya mti vilivyopangwa kukatisha mistari. Hivyo ndivyo ufa unavyopaswa kuzibwa, na aliyeuziba alijua kazi. Ufa wa namna hiyo unashusha bei, sauti unaiacha ilivyo.

Vanishi nene niliyoisifia mwanzo ina gharama. Uso mwembamba ukipakwa tabaka nzito la plastiki unapata uzito wa kubeba kila unapotetemeka. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magitaa ya juu hupaka shelaki, tabaka jembamba linalochubuka kwa jasho la mkono. Kwa hiyo gitaa la nailoni lililochakaa pale mkono unapokaa linaweza kuwa limechakaa kwa sababu lilipakwa vizuri na likapendwa kupigwa.

Shingo nitaipitia haraka. Tazama kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea daraja uone kama imenyooka. Pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita tatu uzi wa kwanza (ule mwembamba), nne uzi wa sita (ule mnene), ni kimo kizuri. La Ujiji lilipita tano, ila kijiti cha mfupa kilichopo juu ya daraja kinapunguzwa kwa msasa, na kikipunguzwa kupita kiasi, mfupa wa ng'ombe haukosekani kwetu. Pima pia kutoka mwanzo wa shingo, upande wa kichwa, hadi freti ya 12 na uzidishe mara mbili. Ukipata milimita 650 ndicho kipimo cha kawaida. Baadhi ya magitaa ya José Ramírez ya Madrid ya miaka ya 1960 na 1970 yana 664, na mwenye vidole vifupi atayalaumu bure.

Masikio yasidanganywe

Kudanganywa kwa sauti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na chumba ndicho mdanganyifu wa kwanza. Sebule ya sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari hulipatia kila gitaa mwangwi. Toka nje. Kule Ujiji tuliamkia, tukakaribishwa, tukanywa chai, kisha kijana akaomba, "Mzee, tunaomba tulisikilizie nje, pale chini ya mwembe." Mzee akasema, "Nendeni wanangu, hata mkitaka hadi ziwani, nitawasubiri." Muuzaji asiyeogopa gitaa lake lipigwe nje anakwambia jambo fulani. Wa Tabora alituambia vumbi litaliharibu.

Mdanganyifu wa pili ni nyuzi. Nyuzi tatu za besi zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha, na zikichakaa zinakufa, hazina mlio. Gitaa zuri lenye nyuzi zilizokufa linashindwa na gitaa la kawaida lenye nyuzi mpya. Nenda na seti yako, uombe ubadilishe hata hizo tatu za besi tu. Nailoni tupu za chini, zile tatu zisizozungushiwa waya, zinaendelea kuachia kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, usihangaike nazo siku hiyo.

Baada ya hapo mpe mwenzako apige, wewe simama mita nne mbele. Anayepiga hasikii kile wasikilizaji wanachokisikia, kwa sababu tundu linaelekea kwao. Mwambie apige taratibu kwanza. Kila gitaa lina sauti likipigwa kwa nguvu, lakini gitaa lenye uso hai linasikika hata likipapaswa. Halafu sikiliza uzi wa tatu, freti kwa freti, kuanzia ya 5 kwenda juu. Uzi huo ndio mnene kuliko nailoni tupu zote, na ndio unaofichua gitaa: kwenye uso mgumu unatoa sauti butu, fupi, ya kugonga. Mwisho gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ile sauti nyembamba ya juu, kisha bonyeza freti hiyo hiyo. Zinapaswa kulingana. Zisipolingana, kodi zako za juu (nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja) zitakuwa zinatoka nje ya tyuni kila siku.

Gitaa la Tabora, hata kwenye sebule ya mwenyewe, uzi wa tatu ulitoa "tup". Besi zilikuwa na uzito lakini zilikatika haraka, na kodi zilisikika kama kitu kimoja kilichobanana. La Ujiji, chini ya mwembe, besi ya sita ilikaa hewani hadi kijana alipoizima mwenyewe kwa kiganja, na alipopiga kodi ya nyuzi zote sita niliweza kuzihesabu moja moja kwa masikio. Freti mbili za uzi wa kwanza zilikuwa dhaifu kidogo, kasoro ya kukubalika. Ukanda huu umelelewa kwenye gitaa, bendi ya Tabora Jazz ilikuwa ya mji huu, na ng'ambo ya ziwa Katanga ilimtoa Mwenda Jean Bosco aliyekuwa akipiga besi kwa dole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada kwenye gitaa kavu moja. Upigaji wa namna hiyo unahitaji nyuzi zitengane. Kijana wetu ndiko anakoelekea.

Pale gitaa zuri la macho linaposhinda

Linashinda kweli, na ni katika mambo ambayo hapa kwetu si madogo.

La kwanza ni hewa. Tabora tuko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chetu kinakausha hadi milango inaachia fremu. Gitaa la mbao nzima linataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ukilitoa Ujiji, kando ya ziwa, ukalileta huku mwezi wa nane, mbao inapoteza maji, inasinyaa upana, vijiti vya ndani vinaikatalia, inapasuka. Plaiwudi ina tabaka zinazokatishana, haipasuki kirahisi. Shule, au mtu anayesafiri na gitaa kwenye basi kila wiki, plaiwudi itamtunza kuliko mbao nzima.

Jambo la pili ni umeme. La Tabora lina kinasa sauti ndani na tundu la waya. Ukilichomeka kwenye mikisa ya kanisa, zile tofauti nilizozisikia zinapungua sana, kwa sababu kinasa kilichopo chini ya daraja hakichukui kila kinachofanywa na uso. Shingo yake pia ni nyembamba, milimita 48 badala ya 52, na mpiga solo aliyezoea gitaa la umeme ataizoea siku hiyo hiyo.

La tatu nalisema kwa moyo wote: gitaa linalopendeza machoni linashikwa mara nyingi. Magitaa mawili yakikaribiana sauti, chukua unalopenda kulitazama.

Kuhusu uadimu, uwe makini. Rozwudi ya Brazili imo kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1992. Muuzaji akikwambia ndiyo hiyo, muulize karatasi. Kama anasema kweli na hana karatasi, gitaa hilo halivuki mpaka kihalali, si kwenda Burundi, si kwenda Kongo. Kama hasemi kweli, unalipia hadithi. Jamii nyingine za Dalbergia zikiwa tayari ni ala ya muziki zililegezewa masharti mwishoni mwa mwaka 2019. Kwa hiyo neno "haipatikani tena" lisikuongezee hata elfu kumi kwenye ofa yako.

Tulichukua la Ujiji kwa laki sita. Laki iliyobaki ilinunua seti za nyuzi, kijiti kipya cha mfupa na mfuko mgumu. Lilikaa kwa mzee hadi mvua zilipoanza, ndipo likapanda treni na kijana mwenyewe, nyuzi zimelegezwa kidogo, limesimama kati ya magoti yake, mbali na mizigo. Kiangazi kikija litakaa ndani ya mfuko wake na kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa isidondoke hata tone.

La Tabora nilipoandika haya lilikuwa bado linauzwa. Kama wewe ni mpiga wa jukwaani na spika ndiyo inayokusemea, kalione, lakini kwa uso wa plaiwudi usipande juu ya laki nne na nusu. Nenda na waya wako, ulichomeke, usikilize hapo.